Nani Hupanga Uzito? Historia ya Kumpima Mwanafunzi kwa Mfano wa Kilosa na Mikumi

Mjini Kilosa, katika semina ya makada vijana, mada ya asubuhi ilikuwa Azimio la Musoma. Tulikwisha eleza chimbuko lake na madhumuni yake, na tulikuwa tunakusanya karatasi zetu, ndipo kijana mmoja, mwanafunzi wa utabibu, aliposimama akauliza swali ambalo halikuwamo katika ratiba. "Ndugu Mkufunzi," alisema, "wastani wangu ni 2.9 na wa mwenzangu ni 3.0. Yeye ameandikiwa Daraja la Pili, mimi nimeandikiwa Kufaulu tu. Lakini wodini muuguzi wa zamu huniita mimi. Hii 2.9 imetoka wapi?"

Wenzake walicheka. Sisi tuliona kwamba swali hilo ndilo hasa lililokuwa mezani Musoma mwaka 1974, ila sasa limevaa nukta na desimali. Tulimwomba atupe muda hadi jioni. Jibu tulilompa jioni ile lilikuwa fupi. Hapa tunalitoa kwa urefu wake, kwa sababu makada wengi, na wanafunzi wa vyuo hali kadhalika, wamezoea kuichukua hesabu ya wastani kama mvua au jua, kitu kinachotoka juu na kisichohojiwa. Kumbe ni kazi ya mikono ya watu, ina tarehe zake, na nyuma yake yapo mapambano ya fikra.

Yafaa tangu mwanzo tutenganishe mambo mawili. Katika kila wastani kuna namna ya kujumlisha, na kuna vitu vinavyojumlishwa. Namna ya kujumlisha ni jambo jepesi, mtoto wa darasa la saba aweza kufundishwa. Vitu vinavyojumlishwa, na kila kimoja kipewe uzito gani, hapo ndipo siasa ilipo. Historia tutakayoieleza ni ya nchi iliyothubutu mara moja kuligusa hili la pili, ikajikwaa, kisha ikatumia miaka mingi kugombana juu ya lile la kwanza.

KIPANDE NA CAMBRIDGE

Wilaya ya Kilosa ilijua kupimwa kwa karatasi kabla haijajua shule nyingi. Katika mashamba ya mkonge ya Kimamba na kwingineko kandokando ya reli ya kati, manamba alipewa kadi iliyoitwa kipande. Kadi ilikuwa na nafasi thelathini. Siku aliyokamilisha kazi aliyopangiwa, nafasi moja ilitiwa alama. Siku ambayo kazi haikukamilika, hata kama ilibaki kidogo tu, nafasi ilibaki tupu. Mshahara ulilipwa zikijaa zote. Homa haikuwa na nafasi yake katika kadi, wala msiba. Karani hakuwa na haja ya kujua huyu ni mtu wa namna gani, ametoka Songea au Kigoma, anajua nini. Kadi ilikwisha mjulisha yote ambayo mwenye shamba alitaka kujulishwa.

Tunaanza na kipande kwa makusudi. Ni kipimo kilichobuniwa na tabaka lililonunua nguvu ya mtu, kikahesabu kile tu ambacho tabaka hilo lilikuwa linanunua. Ukikitazama kama hesabu, hakikuwa na kosa lolote, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba thelathini haikuwa thelathini. Malalamiko ya wafanyakazi yalihusu mambo ambayo kadi haikuyahesabu.

Shuleni nako kulikuwa na kadi ya namna nyingine. Wanafunzi wachache wa Tanganyika waliofika sekondari walifanya mtihani wa Cambridge, uliotungwa na kusahihishwa ng'ambo. Kila somo lilipewa namba kuanzia 1 hadi 9. 1 ndiyo iliyokuwa bora, 9 ilikuwa kushindwa. Namba za masomo bora sita zilijumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye aliyekuwa juu. Mazoea haya tunayo hadi leo. Mzazi wa Mikumi akiambiwa mwanawe amepata "pointi saba" katika kidato cha nne hupiga vigelegele, wala haoni ajabu kwamba katika nchi hii mwanafunzi bora wa sekondari ndiye mwenye namba ndogo, na akifika chuoni, bora ni mwenye namba kubwa. Mazoea ya kuanza na moja yalitoka katika fikra ya nafasi: nani wa kwanza, nani wa pili, nani aachwe nje. Kwa utawala uliotaka makarani wachache, hilo ndilo lililokuwa swali lenyewe.

Uhuru haukuleta mtihani wetu mara moja. Mwaka 1968 tuliingia katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki; mwaka 1971 Tanzania ikajitoa; na mwaka 1973 Bunge likapitisha Sheria Namba 21 iliyounda Baraza la Mitihani la Tanzania. Huu ulikuwa ushindi wa kweli, na haufai kudharauliwa. Lakini mtu aweza kuitaifisha mizani bila kubadili mawe yake, na hatari hiyo viongozi wa wakati ule waliiona.

MUSOMA

Mwalimu Nyerere alikwisha liweka wazi jambo hilo mwezi Machi 1967, katika maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake juu ya mitihani ilikuwa ya moja kwa moja: mtihani hupima uwezo wa kujifunza mambo na kuyatoa unapoyatakiwa, ndani ya saa zilizowekwa. Haupimi kama mtu anaweza kufikiri jambo jipya, wala haupimi tabia yake au utayari wake wa kuwatumikia wenzake. Miaka saba ikapita, na shule zikaendelea kuishi kwa ajili ya mtihani kama zamani.

Ndipo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974. Wengi hulikumbuka Azimio lile kwa jambo moja, yaani lengo la kila mtoto kuingia shule ya msingi ifikapo Novemba 1977, na ni haki likumbukwe hivyo. Lakini Azimio lilikuwa na makali mengine mawili. La kwanza, mwanafunzi aliyemaliza sekondari ya juu asiende Chuo Kikuu moja kwa moja; kwanza afanye kazi, na aombapo nafasi aje na mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la Chama. La pili, mtihani wa mwisho uvuliwe utukufu wake, na kazi za kila siku za mwanafunzi zihesabiwe.

Kuanzia mwaka 1976 hili la pili lilitiwa katika hesabu. Katika sekondari, alama ya mwisho iligawanywa nusu kwa nusu: 50 kwa mia kutoka mtihani wa taifa, 50 kwa mia kutoka maendeleo ya mwanafunzi shuleni, yaani mazoezi, majaribio na kazi za mikono. Mwenendo na moyo wa kazi navyo viliandikwa na walimu katika kumbukumbu zake.

Ndugu msomaji atusamehe tukisimama hapa kidogo na kalamu mkononi. Chukua msichana aliyefanya kazi zake vizuri kwa miaka minne akapata 70, kisha siku ya mtihani akaingia chumbani na malaria akapata 30. Kwa Cambridge msichana huyu ni 30. Kwa hesabu ya 1976 ni 50. Mvulana aliyelala miaka minne akapata 30, kisha akakariri kwa mwezi mmoja akapata 70, naye sasa ni 50. Watu wawili ambao mfumo wa zamani ungemtupa mmoja na kumpandisha mwingine, sasa wamesimama mahali pamoja. Tusidanganyike kwamba hii ni haki kamili. Mtu aweza kuuliza kama kweli hawa wawili ni sawa. Lakini ni mabadiliko ya vitu vinavyojumlishwa. Miaka minne ya maisha, ambayo kwa Cambridge ilikuwa hewa, sasa ilikuwa na uzito.

TULIPOJIKWAA

Chama kisichojikosoa huwaachia maadui zake kazi hiyo, na wao hawaifanyi kwa nia njema. Kwa hiyo tuseme.

Kosa la kwanza lilikuwa la maandalizi. Hesabu ya maendeleo ya kila siku hudai mwalimu mwenye muda, daftari na wanafunzi anaowajua kwa majina. Miaka ileile tuliyoanza kuidai, walimu walitawanywa kila upande ili kuitikia wito wa elimu kwa wote, na vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifanya kazi. Umma uliwapa jina la mzaha, kwamba UPE ni "Ualimu Pasipo Elimu". Mzaha ule ulikuwa wa kikatili, maana vijana wale ndio waliowafundisha kusoma watu wengi wanaoucheka. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya sabini, vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilikuta shule hazina chaki. Mwalimu asiye na karatasi atatoaje majaribio sita kwa muhula?

Kosa la pili lilikuwa la asili ya binadamu, na wanamapinduzi huwa wazito kulikiri. Alama za shuleni zilipopewa nusu ya uzito, zilianza kupanda. Mwalimu anampenda mwanafunzi wake. Mkuu wa shule anaipenda shule yake. Shule moja ilitoa 80 kwa kazi ambayo nyingine ilitoa 50, na Baraza likalazimika kuzilinganisha alama hizo na mtihani kabla ya kuzikubali. Maana yake ni kwamba mtihani, uliotolewa mlangoni, ulirudi kwa dirishani: ndio uliotumika kuamua kama alama za kila siku ni za kweli.

La tatu ndilo linalotuuma zaidi. Jembe, ambalo katika Elimu ya Kujitegemea lilikuwa mwalimu, katika shule nyingi lilifanywa adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa alipelekwa shambani. Aliyejibu vibaya alipelekwa shambani. Na mazao hayakuonekana kila mara kwenye sahani yake. Mtoto aliyekua akiona hivyo hawezi kuamini kwamba "moyo wa kazi" ni somo la kupewa alama. Na yale mapendekezo ya tawi kwa mwombaji wa Chuo Kikuu yaliwapa watu wachache kalamu kubwa mno. Wapo makatibu walioandika kwa haki. Wapo walioandika kwa ujamaa wa damu, na wapo walioandika kwa chuki. Sharti la kufanya kazi kwanza lililegezwa baadaye, kwanza kwa wasichana, na hatimaye likaachwa.

Wapo wanaotoa katika makosa haya fundisho kwamba Musoma ilikuwa ndoto. Sisi hatukubali. Mkulima wa Kilosa akipanda mahindi bila kupalilia na akakosa mavuno, halaumu mbegu. Fikra ya kuhesabu kazi ya kila siku ilikuwa sahihi. Hatukuipa walimu wa kuitunza.

NGUO MPYA, MWILI ULEULE

Turuke miaka. Kuanzia mwaka 2004, kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, kata kwa kata zilijengewa sekondari, na katika wilaya kama Kilosa watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kuota kidato cha kwanza walivaa sare. Majengo yalitangulia, walimu wa hisabati na sayansi wakachelewa. Mwezi Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012: watahiniwa zaidi ya 240,000, yaani 6 kati ya kila 10, walipata sifuri. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu, Ndugu Mizengo Pinda, aliunda tume iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome. Mwezi Mei Serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza alama zipangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011. Zilipopangwa, waliofaulu waliongezeka kwa zaidi ya 30,000.

Tunamwomba kada alitafakari tukio hili bila jazba. Karatasi zilikuwa zilezile, wino uleule. Hakuna mtoto aliyejifunza neno jipya kati ya Februari na Mei. Kilichobadilika ni mstari uliochorwa na watu wazima. Hatusemi mstari wa pili ulikuwa wa uongo na wa kwanza wa kweli. Tunasema yote miwili ilichorwa.

Baada ya hapo mistari ilichorwa kwa kasi. Mtihani wa 2013 ulitumia madaraja saba: A pointi 1, B+ pointi 2, B pointi 3, C pointi 4, D pointi 5, E pointi 6 na F pointi 7. Kwa masomo bora saba, Divisheni I ilikuwa pointi 7 hadi 17, ya II 18 hadi 24, ya III 25 hadi 31. Mwaka uliofuata, 2014, divisheni zilifutwa ikaja GPA: A ikawa 5, B+ ikawa 4, B 3, C 2, D 1, na jumla ya masomo saba hugawanywa kwa saba. Kundi la juu, Distinksheni, lilianzia 3.6; la pili, Meriti, lilianzia 2.6; la tatu lilianzia 1.6. Wazazi walichanganyikiwa, magazeti yakaandika, na wapinzani wakasema Serikali inaficha sifuri.

Sasa tufanye hesabu ambayo katika makelele yale wachache waliifanya. Chukua pointi ya kila daraja ya mwaka 2013 uijumlishe na ya mwaka 2014. A: 1 na 5 ni 6. B+: 2 na 4 ni 6. B: 3 na 3. C: 4 na 2. D: 5 na 1. Kila mara 6, na kwa masomo saba ni 42. (Huko chini kwenye E na F hesabu inapinda kidogo, tuwaachie walimu wa hisabati.) Basi mwanafunzi wa mwisho wa Divisheni I, mwenye pointi 17, kwa GPA ana 42 kutoa 17, yaani 25, ukigawa kwa 7 ni 3.57, unaandika 3.6. Mwenye 24 ana 18, ukigawa kwa 7 ni 2.57. Mwenye 31 ana 11, ni 1.57. Mipaka ile ya 3.6, 2.6 na 1.6 ilikuwa divisheni zilezile zimegeuzwa kichwa chini miguu juu. Ndugu zetu walitoleana macho kwa sababu ya nguo, na mwili ulikuwa haujabadilishwa hata kidogo.

Mwezi Januari 2016 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, aliagiza divisheni zirudi, na matokeo ya mtihani wa 2015 yakatoka kwa divisheni. Safari hii madaraja yalikuwa matano, A hadi D na F, na mipaka ya alama ikasogezwa. Mwanafunzi aliyepata 62 katika somo mwaka 2014 alikuwa na B+, kwa kuwa B+ ilikuwa 60 hadi 74. Mdogo wake aliyepata 62 ileile mwaka 2015 alikuwa na C, kwa kuwa C sasa ni 45 hadi 64. Tumewahi kuona ndugu wawili wa nyumba moja wakitaniana kwa cheti, mkubwa akimwita mdogo mzembe. Tulipowaonyesha, mkubwa alinyamaza kwanza, kisha akasema cheti ni cheti.

BARABARA MOJA, MIZANI NNE

Turudi Kilosa. Ukitoka mjini, ukapita Ulaya (ndiyo, kijiji chetu kinaitwa Ulaya, na hakihusiani na Cambridge) hadi ukafika Mikumi kwenye barabara kuu ya Iringa, umekaa ndani ya wilaya moja, lakini vijana uliowaacha nyuma na unaowakuta mbele wanapimwa kwa mizani zisizofanana.

Mwanafunzi wa sekondari anahesabiwa kwa divisheni, ndogo ndiyo bora. Mwanafunzi wa utabibu mjini Kilosa au wa kilimo pale Ilonga, akiwa ngazi ya astashahada, anahesabiwa kwa GPA yenye kilele cha 4. Daraja la Kwanza huanzia 3.5, la Pili 3.0, na Kufaulu ni 2.0 hadi 2.9. Akipanda stashahada, kilele kinakuwa 5 kama vyuo vikuu, na Daraja la Kwanza sasa linaanzia 4.4. Hivyo 3.5 ileile iliyomfanya kuwa wa daraja la kwanza mwaka jana yaweza kumfanya kuwa wa daraja la pili mwaka huu, bila yeye kupungua akili. Mwajiri asiyejua haya humwonea mtu, na tumesikia ya waajiri waliolinganisha vyeti hivi kama vile vinatoka mizani moja.

Chuo cha VETA Mikumi ni habari nyingine. Zamani fundi alifanya majaribio ya ufundi, akapata daraja la tatu, la pili, hatimaye la kwanza. Mfumo wa sasa wa mafunzo ya ufundi umejengwa juu ya umahiri: kwa kila kazi, ama umeiweza ama bado hujaiweza. Kazi ambayo bado, unairudia. Hapo wastani haukubaliwi kuficha kitu. Chukua fundi magari: lori linalotoka Mikumi kupanda Kitonga haliwezi kuendeshwa kwa wastani wa breki na honi, kwamba honi ni A, breki ni D, jumla ni B. Tunakiri kwamba kipimo hiki kina udhaifu wake, kwa kuwa hakisemi nani amefanya vizuri zaidi, na fundi hodari sana huonekana sawa na aliyeponea chupuchupu. Lakini kati ya mizani zote nne, tunaona huyu ndiye mjukuu wa Musoma aliyefanana na babu yake kuliko wengine. Mkondo wa amali ulioanza katika sekondari mwaka 2024 umeileta mizani hii hadi mlangoni mwa divisheni, na zitakavyokaa nyumba moja ni jambo la kufuatiliwa kwa macho mawili.

2.9 ILITOKA WAPI

Jioni ile tulimwita kijana wetu tukampa karatasi. Tulimweleza kwanza kwamba vyuoni masomo hayalingani: kila somo lina uzito wake, ambao huitwa krediti. Ili kupata GPA, unazidisha pointi ya kila somo kwa uzito wa somo hilo, unajumlisha, kisha unagawa kwa jumla ya uzito wote. Mfano tuliotumia tuliutunga wenyewe, si mtaala wa chuo chake.

Tuseme masomo ni manne: nadharia ya magonjwa, uzito 12, elimu ya dawa, uzito 10, mazoezi ya wodini, uzito 6, afya ya jamii vijijini, uzito 4. Jumla ya uzito ni 32. A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2. Mwenzake ana A katika nadharia, B katika dawa, C wodini na C vijijini: 48, na 30, na 12, na 8. Jumla ni 98, ukigawa kwa 32 unapata 3.06. Daraja la Pili. Yeye ana C katika nadharia, B katika dawa, A wodini na A vijijini: 24, na 30, na 24, na 16. Jumla 94, ukigawa kwa 32 unapata 2.94. Kufaulu.

Kisha tukambadilishia jambo moja tu. Nadharia tukaipa 6, wodi tukaipa 12. Hatukugusa alama yoyote. Yeye sasa ana 12, 30, 48 na 16, yaani 106. Ukigawa kwa 32 ni 3.31. Mwenzake ana 24, 30, 24 na 8, yaani 86, ni 2.69. Wamepishana ngazini.

Alifurahi upesi mno, ikabidi tumzuie. Hatukuwa tunamwambia kwamba wodi lazima izidi nadharia. Tabibu mwenye mikono mizuri asiyejua ugonjwa huua kwa upole. C yake ya nadharia ni deni, nalo atalipa mgonjwa kama halilipi yeye, na tulimwambia arudi kitabuni. Tulichotaka akione ni kwamba, katika mfano wetu, tofauti kati yake na mwenzake ilikaa ndani ya 12 na 6, na namba hizo hazikutoka kwa msahihishaji wala kompyuta. Zinapangwa mezani mtaala unapoandikwa, na meza hiyo hukaliwa upya mitaala inapopitiwa, wadau wakiitwa kutoa maoni. Waganga wafawidhi wa zahanati wana la kusema pale. Kina mama wanaopeleka watoto kliniki Kidodi na Ulaya wana la kusema, ikiwa yupo wa kuwapelekea habari kwamba wanaweza kusema.

Alinakili hesabu zote mbili katika daftari lake, akapiga mstari chini ya 12 na chini ya 6. Halafu akatuuliza kikao hicho hufanyika lini, na barua ya tawi ipelekwe kwa nani.